Je, wajua? Kuchomoa majina kwenye kikapu hakufanyi risechi yako iwe jaribio

Hili nililikosea mwenyewe, tena kwa maandishi. Kwenye pendekezo langu la utafiti chuoni niliandika "muundo wa kimajaribio" kwa sababu wahojiwa wangu 200 niliwapata kwa kuchomoa majina kikapuni, supavaiza akazungushia peni nyekundu na kuandika pembeni: umewapa nini? Nikajiuliza, si nimewapa kwestionea?

Kumbe ndo shida yenyewe. Kura ya kikapuni inakuambia umuulize nani, ili hao 200 wafanane na ambao hujawafikia, hiyo ni sampuli tu. Jaribio linataka kura nyingine kabisa, ya nani apewe kitu na nani asipewe. Maabara na koti jeupe sio lazima. Unaweza ukawa na sampuli safi ya nchi nzima na hujajaribu chochote, na unaweza ukafanya jaribio zuri tu kwa watu waliojileta wenyewe, ila kwa kuwa zote zinaitwa bahati nasibu basi tunazichanganya.

Cheki Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Wachumi Glewwe, Kremer na wenzao, kwenye utafiti uliochapishwa 2004, waliangalia shule zenye flipchati, yale makaratasi makubwa ya picha yanayotundikwa mbele ya darasa. Ukilinganisha tu shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, zenye nazo zinafaulisha zaidi, na pengo sio dogo. Halafu wakachukua shule 178, nusu zikapewa chati kwa bahati nasibu. Matokeo? Hamna kitu, alama zile zile!

Chukulia gunia la maharage lenye mawe. Ukimwachia muuzaji akujazie debe mbili, moja anaweza akalipamba, mazuri juu, na wewe utadhani debe ndo limefanya maharage yawe mazuri. Ila ukilikoroga gunia lote ukachota umefumba macho, mawe yanagawanyika karibu sawa, hata yale madogo ambayo usingeyaona, na hapo ndo utamu ulipo, maana mwalimu mkuu mwenye moyo au wazazi wanaofuatilia huwezi kuwapima kwa rula, na shule za hivyo ndo zinazojinunulia chati mapema.

Ila kukoroga kunasaidia ukichota nyingi, ukichota punje sita sita mawe yote yanaweza kuangukia upande mmoja. Na Busia inasema kuhusu chati zile, shule zile, sio kila chati duniani.

Halafu kuna vitu havipigiwi kura, huwezi kumpangia mtu avute sigara. Watafiti wa afya Doll na Hill walianza 1951 kuwafuatilia madaktari wa Uingereza kama 40,000, wavutaji na wasiovuta, na ushahidi wa sigara na kansa ya mapafu ukazidi kukaza mwaka hadi mwaka bila jaribio lolote. Supavaiza wangu angeuliza waliwapa nini, jibu ni kwamba hawakupewa, sigara walijinunulia wenyewe dukani.