Kocha akihama, timu haifi

Wengi huamini kwamba kocha wa mbio ndefu akihama chuo kikuu cha Marekani, timu imekwisha na wanariadha wake wamepoteza ufadhili. Sivyo. Ufadhili hutolewa na chuo, si mfuko wa kocha.

Tazama Chuo Kikuu cha Northern Arizona, mjini Flagstaff, Marekani. Eric Heins aliongoza timu ya wanaume kutwaa ubingwa wa kitaifa wa mbio za nyika mwaka 2016, kisha akaondoka. Akaja Mike Smith, wakatwaa tena 2017 na 2018. Wakimbiaji walibaki.

Kijana wa Iten, Kenya, anayealikwa kujiunga na chuo kama hicho aulize kwanza: ufadhili huu ni wa mwaka mmoja au zaidi?