Haidranti: vali iliyofichwa chini ya nguzo

Haidranti ni mdomo wa bomba kuu la maji, uliotolewa kando ya barabara ili askari wa zimamoto waunge mipira yao. Wengi wakilisikia jina hilo huiona ile nguzo fupi ya chuma. Lakini nguzo ni ganda tu. Haidranti hasa ni vali, yaani kizibo kinachofungua na kufunga njia ya maji, na kazi kubwa ya wavumbuzi wa karne ya 19 ilikuwa kutafuta mahali pa kuiweka.

Kabla yao, maji ya miji kama London na New York yalipita ndani ya magogo yaliyotobolewa na kufukiwa. Moto ukizuka, watu walichimba hadi kwenye gogo, wakalitoboa, maji yakajaa shimoni, wakayachota kwa ndoo. Moto ukizimika, tundu lilizibwa kwa kipande cha mti. Kizibo hicho ndicho babu wa haidranti.

Mwaka 1801 Philadelphia ilianza kusambaza maji ya mto Schuylkill kwa pampu za mvuke. Frederick Graff, ambaye baadaye alikuwa mhandisi mkuu wa mradi huo, ndiye anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wa haidranti ya nguzo. Huelezwa kwamba hataza yake, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, iliteketea pamoja na nyingine zipatazo 10,000, ofisi ya hataza mjini Washington ilipoungua tarehe 15 Desemba 1836.

Adui aliyefuata alikuwa baridi. Vali ikikaa juu, nguzo hubaki na maji, nayo yakiganda hutanuka na kupasua chuma. Basi vali ikashushwa chini kabisa, ambako udongo haugandi, ikaunganishwa na fito ndefu inayozungushwa kutoka juu. Ikifungwa, kitundu cha kando hufunguka na maji yaliyosalia humwagika kwenye kokoto. Kwangu mimi, huu ndio ubunifu mkubwa kuliko wote: mzunguko uleule unaofunga maji ndio unaoikausha nguzo. California, kusiko na baridi kali, nguzo zenye maji muda wote zinatumika hadi leo.

Birdsill Holly wa Lockport, New York, alipata hataza ya haidranti mwaka 1869. Yeye alishughulikia pia nguvu ya maji: pampu zake ziliyasukuma moja kwa moja mabombani bila kutegemea tangi. Uingereza nako, Mskoti James Nasmyth alikuwa amebuni mwaka 1839 vali ya kabari kwa mabomba makuu. Jamaa zake ndizo mafundi bomba wetu huziita geti vali.

Vali hizi hufungwa polepole, kwa skurubu. Maji mengi yanayokimbia yakizuiwa ghafla hugonga bomba kama nyundo na huweza kulipasua. Na haidranti ya vali ya chini haifunguliwi nusu. Ikiachwa nusu, kile kitundu hakizibi vizuri. Maji yenye nguvu hupenya humo na kuchimba udongo unaoishikilia nguzo.