Malezi nayo ni pembejeo: kituo cha watoto na msimu wa korosho kusini

Salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, haipuliziwi saa nne asubuhi. Unga wake unataka umande kwenye majani na hewa iliyotulia, ndiyo maana kuanzia Juni hadi Agosti watu wa Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea huwa shambani kabla jua halijachomoza. Sasa pita kwenye kituo cha kulelea watoto mchana kilichofunguliwa kijijini kwa kufuata saa za ofisi, usome bango lake: Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Saa mbili hiyo anayepulizia anakusanya vifaa arudi nyumbani. Mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa wapi tangu saa kumi na moja? Ama alibaki amelala pembeni ya dada yake wa miaka tisa, ambaye leo atachelewa shule au hataenda kabisa, ama alikuwa mgongoni kwenye mbeleko, anavuta vumbi lile lile linalowawasha watu wazima macho na kifua.

Kazi yangu ni malezi na makuzi ya watoto wadogo, na vituo ninavyovifuatilia ni vya vijijini, Mtwara na Lindi. Mara kwa mara naulizwa kwa nini vituo vya namna hii hufunguliwa kwa shangwe, na mfadhili na ngoma, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili hubaki mabembea yaliyoota kutu. Wengi hutegemea niseme wazazi hawana mwamko. Wazazi wanao mwamko mwingi tu. Kituo ndicho hakijui mzazi anafanya kazi saa ngapi, mwezi gani, na fedha inamfikia lini. Huku kusini malezi ya mtoto ni pembejeo ya zao kama salfa ilivyo pembejeo, na yangepangwa na kulipiwa hivyo yangedumu.

Tuanze na korosho yenyewe, maana hapo ndipo fedha ya mikoa hii ilipo. Msimu wa mavuno huanza kati ya Septemba na Oktoba, ukakolea Novemba, ukamalizikia Desemba au Januari. Korosho haichumwi juu ya mti kama embe. Huachwa idondoke na tunda lake, bibo, ikaokotwa, ikanyofolewa, ikaanikwa juani siku mbili tatu, ikachambuliwa ndipo ipelekwe amcos, yaani chama cha msingi cha ushirika. Anayeokota kila siku au kila baada ya siku mbili anapata korosho safi. Anayeokota mara moja kwa wiki anakuta nyingine zimelala kwenye unyevu, zimebadilika rangi, na nyingine zimeokotwa na wenye mikono mirefu. Mvua zetu huingia mwishoni mwa Novemba au Desemba, na korosho iliyonyeshewa ikiwa chini ya mti ni mgogoro na mpimaji pale ghalani. Daraja likishuka, bei nayo inashuka. Katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25 bei ya kilo ilivuka shilingi 4,000; kwa bei ya namna hiyo, kila gunia linaloshushwa daraja ni sare na madaftari ya mtoto wa sekondari yanayopotea hivi hivi.

Kuokota huko, kunyofoa na kuchambua ni kazi ya nani? Nenda shambani uone mwenyewe. Wanawake ndio wengi, wa familia na vibarua wanaolipwa kwa ndoo. Mwenye mtoto mgongoni anainama na kuinuka na kilo nane au tisa za ziada. Mtoto akishaanza kutambaa ndiyo taabu zaidi, maana hawezi tena kubebwa muda wote na hawezi kuachwa chini: ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayounguza midomo na vidole, na mtoto wa umri huo kila kitu anakipeleka mdomoni. Mama anafanya kazi nusu na jicho moja liko kwa mtoto. Kibarua anayelipwa kwa ndoo halipwi kwa jicho hilo.

Halafu Desemba inaleta jambo ambalo watunga mipango walioko mbali hawalioni. Mvua ikinyesha, korosho za mwisho hazijaisha kuokotwa, na papo hapo shamba la chakula linataka kupandwa: mahindi, mbaazi, kunde, muhogo. Kazi mbili kubwa za mwaka zinagongana kwa mwanamke yule yule. Na ndio mwezi ambao shule zimefungwa, darasa la awali limefungwa, na kituo cha watoto nacho, kwa kuiga shule, kimefunga likizo. Ningepewa mwezi mmoja tu wa kuendesha kituo katika kijiji cha Ruangwa au Nanyumbu, ningechagua Desemba bila kusita. Darasa la awali liko wazi, lina paa, lina choo, na mara nyingi lina tangi la maji. Linahitaji mikeka, sufuria na makubaliano na mwalimu mkuu.

Bibi naye ana mikorosho yake

Hoja ninayopingwa nayo kuliko zote, hasa na wanaume kwenye mikutano ya kijiji, ni kwamba tuna bibi. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao wamezoea ukoo kufuatwa upande wa mama, na ni kweli mtoto huku ana watu: mama mkubwa, mama mdogo, mjomba, na bibi mzaa mama akiwa juu ya wote. Siidharau nguzo hiyo. Ndiyo iliyotufikisha hapa.

Ila mtazame bibi wa siku hizi. Binti akizaa na miaka kumi na tisa, na mama yake alimzaa na umri huo huo, bibi ana miaka thelathini na minane. Yuko kwenye kilele cha nguvu zake, ana mikorosho yake mwenyewe, ni mwanachama wa amcos, huenda ni mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana. Ukimwambia alee wajukuu watatu msimu mzima umempunguzia mkoa mkulima mzoefu kuliko binti yake. Bibi mwingine, aliye mzee kweli, hana mbio za kumfukuzia mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeelekea kisimani. Ndipo mzigo unapomwangukia yule dada wa miaka tisa. Utoro wa msimu wa korosho unajulikana kwa kila mwalimu wa mikoa hii, na sehemu yake ni ya watoto wanaolea watoto.

(Nina neno la pembeni hapa. Mabinti wengi wa huku hupanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wakalea watoto wa watu wengine ili mama zao waende ofisini. Ujuzi wa kulea tunao, tunausafirisha bila hata kuusindika, kama tunavyofanya kwa korosho ghafi.)

Korosho ghafi hiyo nyingi inakwenda India na Vietnam kubanguliwa. Huko India, kwenye viwanda vya Kollam katika jimbo la Kerala, wabanguaji wengi ni wanawake, na Sheria ya Viwanda ya nchi hiyo ya mwaka 1948 ilimtaka mwenye kiwanda anayeajiri wanawake zaidi ya thelathini atenge chumba cha kulelea watoto wao walio chini ya miaka sita. Simaanishi kila kiwanda kilitii. Lakini tunapozungumza kubangua korosho hapa hapa, na kongani ya viwanda ya Maranje kule Mtwara inazungumzwa sana, nasikia habari za mashine, umeme na mitaji, sijasikia mtu akiuliza chumba cha watoto kitakaa upande gani wa uzio. Malipo ya ubanguaji huwa kwa kilo. Mbanguaji anayetoka nje kila baada ya nusu saa kumtazama mtoto aliyelazwa chini ya mwembe ni kilo pungufu kwake na kwa mwenye kiwanda.

Sheria yetu tunayo pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini aruhusiwe muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kila siku. Kwa muuguzi aliyepangiwa Liwale kutoka Mbeya, asiye na bibi wala shangazi karibu, saa mbili hizo zina maana pale tu mtoto alipo karibu na zahanati. Kwa kibarua wa ndoo sheria hiyo haifiki hata mlangoni.

Hesabu

Sasa fedha, maana vituo vinafia hapa. Nachukua kijiji cha mfano ambacho amcos yake inakusanya tani 500 kwa msimu, kikiwa na kituo cha watoto arobaini na walezi wanne.

Njia iliyozoeleka ni mchango wa mzazi, tuseme shilingi 500 kwa siku. Watoto arobaini kwa siku ishirini na tano ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Walezi wanne wakilipwa shilingi 200,000 kila mmoja ni 800,000, na hujanunua unga wala sabuni. Hapo nimechukulia kila mzazi analipa kila siku, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Tena Juni, wakati wa salfa, ndio mwezi ambao nyumba nyingi hazina hata hiyo 500. Fedha ya korosho iliyopita imekwisha, inayokuja iko juu ya mti. Mama anayebanwa hivyo ndiye anayeuza kangomba, yaani kwa wachuuzi nje ya mfumo rasmi wa ghala, mara nyingine hata kabla ya kuvuna, kwa bei ya kutupa. Kumdai ada ya kituo mwezi huo ni kumsukuma huko.

Njia ninayoipendekeza ni makato. Mkulima wa kusini ameyazoea makato ya kilo: ya chama, ya chama kikuu, ya ghala, ya halmashauri. Analalamika, na ana haki, lakini mfumo upo na fedha inapitia benki ikiwa imeshakatwa. Shilingi 10 kwa kilo katika tani 500 ni shilingi 5,000,000. Kilo ikiuzwa 3,000, hiyo ni sehemu moja ya mia tatu ya bei. Mkulima wa kilo 600 anatoa shilingi 6,000 kwa msimu. Milioni tano hiyo inalipa walezi wanne kwa miezi minne (3,200,000), inatoa kikombe cha uji cha shilingi 300 kwa watoto arobaini kwa siku mia moja (1,200,000), na laki sita zinabaki za mikeka, ndoo za kunawia, sabuni na kuziba paa. Miezi minne hiyo naigawa hivi: mmoja na nusu wakati wa salfa, miwili na nusu kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Desemba. Kinachobaki cha mwaka, mchango wa mzazi unaweza kubeba kituo kidogo cha walezi wawili.

Uji si nyongeza ya kupendezesha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mtoto wa miezi tisa anayeshinda na kiporo cha asubuhi hadi mama arudi yuko kwenye njia hiyo. Karanga, ufuta na mbaazi tunalima wenyewe.

Atasimama mtu mkutanoni aseme watoto wake ni wakubwa, akatwe kwa lipi? Mjibuni kwa hesabu ya vibarua wake. Wale wanaomwokotea kwa ndoo wana watoto, na siku mtoto anapougua au anapokosa wa kumshika, korosho zake yeye ndizo zinalala chini mvua ikija.

Kwa wenzetu wa pwani, Kilwa na Mtwara Vijijini, kalenda ni nyingine. Kilimo cha mwani kinafuata bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, mara mbili kwa mwezi, na saa ya maji kupwa husogea kila siku kwa takriban dakika hamsini. Kituo cha huko kifunguliwe kwa ratiba ya maji iliyobandikwa ukutani, na siku za maji mafu, yasiyopwa sana, kifungwe, walezi wapumzike. Fedha ya mwani haitoshi kukatwa makato ya maana, kwa hiyo huko ningeanza na walezi kujiunga kikundi na kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, wakiuchukulia kama mtaji wa jiko la chakula kinachouzwa pia nje ya kituo.

Kwa anayetaka kuanza: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe, na mlango wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwoneni kabla ya kununua mabembea. Makato nayo hayawekwi na mwenyekiti wa amcos peke yake. Yanaingia kwenye makisio, na makisio yanapitishwa na mkutano mkuu wa wanachama. Ajenda iandikwe kwa barua mapema, iwe na hesabu ya kijiji chenu na sio yangu, na jina la mwanamke atakayesimama kuisoma. Mkutano ukiitishwa asubuhi, ombeni walezi wawili wakae na watoto pembeni ya ukumbi, la sivyo wapigakura mnaowahitaji watakuwa nyumbani.