Kichwa cha jiwe si cha babu yetu: dhana potofu kuhusu watu wa kale wa Mexico na Guatemala

Kila baada ya muda picha ileile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: kichwa kikubwa cha jiwe, pua pana, midomo minene, kofia imebana hadi kwenye nyusi. Chini yake pameandikwa kwamba Waafrika walifika Mexico kabla ya Columbus na kuanzisha ustaarabu huko. Najua utamu wa maneno hayo kwa mtu aliyefundishwa shuleni kwamba historia yake ilianza na wageni. Lakini si kweli, na tunayemuumiza tunapoyasambaza ni mtu mwenye jeraha kama letu.

Dhana: Vichwa vya Waolmeki ni sura za Waafrika

Waolmeki walikuwa watu wa kale wa Mexico, na vichwa hivyo vya mawe ni kazi yao. Vinajulikana vichwa 17, vyote kutoka majimbo ya Veracruz na Tabasco kwenye Ghuba ya Mexico. Kumi ni vya San Lorenzo, mji ulioshamiri takriban kati ya mwaka 1200 na 900 K.K. Mwandishi Ivan Van Sertima, aliyeitangaza sana dhana hii mwaka 1976, alisema waliofika ni Wanubi, watu wa Sudan ya kale, wa wakati wa nasaba ya 25 ya Misri. Nasaba hiyo ilianza karne ya 8 K.K., wakati San Lorenzo ilikuwa imekwisha kuporomoka. Mchongaji angemwonaje mgeni ambaye hata babu yake hajazaliwa?

Tena ardhi yenyewe haina ushahidi. Katika miaka yote ya uchimbaji wa kitaalamu, hakijatoka kigae, ushanga wala chombo cha Kiafrika cha zama hizo. Mawe ni ya volkano, yametoka milima ya Tuxtla, na yaliburutwa makumi ya kilomita bila ng'ombe wala farasi wa kuyavuta. Ukisogea karibu utaona kila uso ni wa mtu wake: mmoja amefumba macho, mwingine anaonyesha meno, na alama za kofia zinatofautiana. Wataalamu wengi wanaona ni watawala wa hapohapo. Pua na midomo kama hiyo unaweza kukutana nayo leo katika soko la Veracruz, kwa wenyeji wa asili.

Sisi tunalijua jambo hili kwa uchungu. Great Zimbabwe ilisemwa ni kazi ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, ilimradi tu isiwe ya Mwafrika, hata baada ya uchimbaji wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 kuonyesha wazi kwamba wajenzi walikuwa wenyeji. Magofu ya Kilwa nayo yalihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ya wageni kutoka ng'ambo, kana kwamba Waswahili walikuwapo kubeba mawe tu. Kumpokonya Mwolmeki kichwa chake ni kumtendea yaleyale.

Dhana: Wamaya walitoweka

Wamaya ni wenyeji wa Guatemala na kusini mwa Mexico. Iliyohamwa ni miji yao ya nyanda za kusini, kama Tikal na Palenque, katika karne ya 9, kwa ukame, vita na wafalme kupoteza imani ya watu. Chichén Itzá ya kaskazini iliendelea kunawiri. Nojpetén, mji wa kisiwani katika ziwa la Petén Itzá, ulitekwa na Wahispania mwaka 1697 tu. Leo Wamaya ni mamilioni, wana lugha zipatazo 30, na Rigoberta Menchú, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1992, ni Mmaya wa K'iche' kutoka Guatemala.

Dhana: Hawakuwa na maandishi, walichora tu

Wamaya walikuwa na vitabu vya karatasi ya gome la mtini, jamaa ya mti wanaoutumia Waganda kutengeneza lubugo. Julai 1562, mjini Maní, Mexico, padri Mhispania Diego de Landa alivichoma moto vingi. Vimesalia vinne tu.

Mwaka 1952 mtafiti wa Kisovieti Yuri Knorozov, akiwa Leningrad, alionyesha kwamba alama nyingi za maandishi ya Wamaya ni silabi. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea ba-be-bi, hapati shida hapo. Katika kaburi moja la Río Azul, Guatemala, kilipatikana chungu chenye kifuniko cha kuzungusha, kama cha chupa. Juu yake pana alama za ka-ka-wa, na ka huandikwa kwa umbo la samaki. Neno ni kakaw, kakao. Masalia ya ndani yalipopimwa maabara, yakakutwa ya kakao kweli.

Dhana: Mahindi yalitoka Uhindi

Jina letu ndilo linalotupotosha. Mahindi yalizaliwa kusini mwa Mexico, bonde la mto Balsas, miaka ipatayo 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya mwituni yenye punje chache ngumu kama kokoto. Wakulima walichagua mbegu, kizazi baada ya kizazi, hadi likapatikana gunzi la kushika mkononi. Wakagundua pia kuyachemsha kwa chokaa, na chokaa hufungua vitamini iliyomo kwenye mahindi, ambayo bila hivyo mwili hauwezi kuipata humo. Wazungu walichukua mbegu wakaiacha chokaa, na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, ukawaandama maskini wa Italia na wa kusini mwa Marekani. Katika vijiji vya Wamaya, mahindi bado hulazwa usiku kucha katika maji ya chokaa, yakisubiri kusagwa asubuhi.