Jini Mahaba, Mwenza wa Roho na Idhini ya Bibi Harusi

Msichana akionekana barazani hapa Lamu amejiinamia kwenye simu, akisoma riwaya ambayo mmoja wa wapenzi hugeuka mbwa mwitu mwezi unapopevuka, hakosi kuulizwa na shangazi yake kwa nini anajitafutia jini mahaba. Swali hilo nimeulizwa mimi, na kwa kuwa jibu nililolitoa kwa mdomo halikumridhisha aliyeuliza, nalitoa hapa kwa utulivu zaidi.

Dhana yenyewe ni kwamba mifululizo hii ya mapenzi na viumbe vya ajabu ni habari za jini mahaba zilizovishwa nguo za kigeni. Kwa kweli tofauti ni kubwa. Jini mahaba, kama anavyosimuliwa pwani, hamwombi mtu ruhusa: humjia usingizini, humwonea wivu, huvunja posa na kuvuruga ndoa, na ndugu wa aliyepatwa hutafuta mtu wa kumwondoa. Katika riwaya hizi, hasa zile za kuchekesha, kiumbe wa ajabu ndiye mwenye shida. Ana nguvu za kung'oa mlango, lakini hana njia ya kumfanya mtu ampende, na kitabu kizima humwonyesha akijikwaa katika kujaribu.

Dhana ya pili ina mashiko zaidi, na hata wasomaji wa riwaya hizi huishikilia: kwamba mwenza wa roho, yaani yule mtu aliyeandikiwa kuwa mwenzi wako, akishaandikwa, hiari imekwisha. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa wazo hili. Tunasema ndoa ni jaala, na wapo wanaokwenda kwa mtu wa falaki, wakampa majina ya wawili hao na ya mama zao, herufi zikahesabiwa ili ijulikane kama nyota zinapatana. Hata hivyo, nyota zikipatana bado lazima posa ipelekwe, na posa hukataliwa. Waandishi stadi wa mifululizo hii huitumia jaala namna hiyohiyo: alama ya mwilini, harufu au ndoto huleta posa tu, na jibu hubaki kwa mwenye roho yake. Wapo wanaojenga kisa chote juu ya mtu aliyeonyeshwa mwenza wake akasema hamtaki, na visa hivyo vina wapenzi wake wengi. Pale ambapo mwandishi huacha alama iseme badala ya mhusika, mimi hukifunga kitabu.

Nililiona jambo hili kwa karibu katika harusi moja mtaani Langoni. Bwana harusi alikwisha kuketi, mchele wa biriani ulikwisha kutiwa chunguni, na hapana aliyekuwa na shaka juu ya jibu la bibi harusi; lakini mwozeshaji hakufungua kinywa mpaka walii, yaani mlezi wa bibi harusi mwenye haki ya kumwoza, alipopanda ghorofani kutaka idhini yake, na kwa muda huo ukumbi mzima ulinyamaza hata tukasikia mfuniko wa chungu uani. Si adabu tupu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, kwamba Khansaa binti Khidhaam aliozwa na babake bila ya kupenda, akaenda kwa Mtume, naye akaibatilisha ndoa ile. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 45, nayo inaijenga ndoa juu ya ridhaa ya hiari ya wahusika.

Wengine hudhani kwamba wazo la nusu mbili zinazotafutana lilianza kama fundisho zito, kisha waandishi wa leo wakalifanyia mzaha. Lakini katika kitabu kiitwacho Karamu cha Plato, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, wazo hilo limetiwa kinywani mwa Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha. Anasimulia kwamba binadamu walikuwa wa mviringo, wenye mikono minne na miguu minne, wakikimbia kwa kubingirika, mpaka Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, akawapasua katikati, ngozi ikavutwa kama mdomo wa mfuko na kufungwa kitovuni. Tena akatisha kwamba wakizidi kiburi atawapasua mara ya pili, waruke kwa mguu mmoja. Baadaye, katika karamu hiyohiyo, mwanafalsafa Sokrates ananukuu maneno ya Diotima, mwanamke anayesema alimfundisha habari za mapenzi, kwamba mtu haipendi nusu yake kwa kuwa ni nusu yake, bali akiiona ni njema, kwani watu hukubali hata kukatwa mkono wao wenyewe wakiuona umeharibika.

Kuhusu lawama kwamba mwisho wa riwaya hizi hujulikana tangu mwanzo, hilo ni kweli wala si kasoro. Apandaye mashua kwenda Shela anajua atateremka Shela.

Shangazi sasa amekubali kwamba mbwa mwitu si jini, lakini amebaki na swali ambalo sijaliona likijibiwa katika kitabu chochote: siku ya nikaha, mbwa mwitu alitoa mahari gani, na nani aliyeyapokea?