Kilatini hakikufutwa, jamani

Nimechoka. Kila kwaya yangu ikiimba Sanctus (Mtakatifu) au Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu) kwenye Misa, lazima mtu anisubiri nje baada ya Misa: mwalimu, hivi hicho Kilatini si kilifutwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki? Hakikufutwa! Hati ya Mtaguso huo kuhusu liturujia, yaani ibada ya Kanisa, Sacrosanctum Concilium, ilitoka tarehe 4 Desemba 1963, na namba 36 inasema Kilatini kiendelee kutumika kwenye riti (taratibu za ibada) za Kilatini, ndo baadaye inaruhusu lugha za watu zipewe nafasi kubwa zaidi. Namba 54 sasa ndo kabisaa, inataka waamini waweze kusali au kuimba pamoja sehemu zao za Misa kwa Kilatini. Waamini nimesema, siyo kwaya iimbe na wengine wakodoe macho.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni huu mchanganyo wa "Misa ya Kilatini" na "Misa ya zamani". Kilatini ni lugha, misale ni kitabu cha sala za Misa! Misale ya Papa Paulo VI, ile aliyoiidhinisha 1969, imeandikwa kwa Kilatini, na hiyo mnayoisikia kwa Kiswahili kila Jumapili ni tafsiri yake. Kwa hiyo padre akiadhimisha kwa Kilatini kutoka misale hiyo, tena amewaelekea kabisa, hiyo ni Misa yenu ileile, na kanuni ya 928 ya Sheria za Kanisa inamruhusu. Misa ya zamani ni ya misale ya 1962, mtoto wa ile ya Papa Pius V ya 1570. Hiyo ndo Papa Benedikto XVI aliifungulia mlango 2007, Papa Fransisko akaubana 2021, halafu watu wakaanza kuniambia Papa kakataza Kilatini. Wapi? Alibana kitabu. Na padre kuelekea altare, akiwapa watu mgongo, nalo ni suala lingine, msiniunganishie.

Nyie wa upande wa pili mnaosema bila Kilatini si Misa, tulieni pia. Roma yenyewe karne za mwanzo ilisali kwa Kigiriki, na kuna Wakatoliki wa Mashariki, Wakatoliki kamili walio chini ya Papa, ambao Kilatini wala si lugha ya liturujia yao.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Hati ile ya Mtaguso ilipita kwa kura 2,147 dhidi ya 4, halafu miaka michache tu Misa nzima ikahamia lugha za watu, kwa ruhusa halali kabisa, lakini namba 54 ikabaki kwenye karatasi. Sidhani wote waliopiga kura walitegemea hivyo. Na kuna siku tunaimba Credo (Nasadiki), sauti zimekaa vizuri, nawatazama waimbaji wangu najiuliza wangapi wanajua wanasadiki nini hapo, nami jibu sina, ndo maana siku hizi robo ya zoezi ni kusoma maana mstari kwa mstari, na besi wananung'unika kwamba nawachelewesha.