Je, wajua? Timu ya besiboli ya chuo yaweza kushinda mechi zote tatu na bado ikashuka

Mei ikiingia, mashabiki wa besiboli ya vyuo vya Marekani huanza hesabu za vidole. Timu yao iko katikati ya msimamo wa konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, imebakiza mfululizo mmoja au miwili wa mechi tatu tatu, na swali linalosikika kila kona ni moja: tukishinda mbili kati ya tatu wikiendi hii, tumeingia kwenye mashindano ya taifa?

Swali lenyewe limekaa upande. Kinachobeba uzito mkubwa ni unacheza na nani, kisha unacheza wapi, na idadi ya ushindi hufuata nyuma. Zipo wikiendi ambazo timu hupoteza mechi mbili kati ya tatu na alama yake, ile inayotazamwa na kamati ya uteuzi, ikapanda. Zipo pia ambazo hushinda zote tatu ikashuka.

Kwa aliyekulia soka, jambo hili halimeziki kirahisi. Katika Ligi Kuu pointi tatu ni pointi tatu, umfunge kinara au anayeburuza mkia, uwe Dar es Salaam au Mbeya. Ndiyo maana dhana ya kwanza ya wengi ni kwamba msimamo wa konferensi ndio unaoamua, kwamba timu tano au sita za juu zina tiketi yao. Hakuna mgawo wa namna hiyo. Mwaka 2025 konferensi ya SEC, inayokusanya vyuo vikubwa vya kusini kama Tennessee, Arkansas na Louisiana State, iliingiza timu 13 kati ya 16, huku konferensi nyingi ndogo zikimtoa bingwa wake peke yake. Dhana ya pili ni kwamba ukishinda asilimia 60 ya mechi zako huna wasiwasi. Kila mwaka timu zenye rekodi ya aina hiyo hubaki nyumbani kwa sababu zilizijaza mechi hizo na wapinzani dhaifu. Dhana ya tatu ni ya wale waliokwisha kusikia kidogo kuhusu kanuni ya alama hiyo: wanadhani ukimfunga mpinzani unajiharibia, kwa kuwa wastani wake wa ushindi unashuka na wewe unapimwa kwa wastani huo. Hapana. Mechi alizocheza na wewe huondolewa kwanza, ndipo wastani wake unapopigwa.

Muundo wa mashindano unaelezeka kwa ufupi. Daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, lina timu karibu 300, na zinazoingia ni 64. Karibu 30 ni mabingwa wa konferensi, ambao hupita moja kwa moja. Zilizobaki huteuliwa na kamati, na majina hutangazwa Jumatatu ya mwisho ya Mei. Timu yenye vipigo vingi kuliko ushindi haiwezi kuteuliwa. Hizo 64 hugawanywa katika vituo 16 vya timu nne nne, ambako ukipoteza mara mbili umetoka. Washindi 16 hukutana wawili wawili, na nane wanaobaki huenda Omaha, Nebraska, ambako fainali hizi zimekuwa zikichezwa tangu 1950.

Sasa kanuni. Kamati hutazama mambo mengi, lakini kufikia msimu wa 2025 karatasi yake ilikuwa bado imepangwa kwa kipimo kiitwacho RPI. Mpira wa kikapu wa wanaume ulikwisha kukiacha tangu msimu wa 2018–19; besiboli iliendelea nacho. RPI ina vipande vitatu. Robo ni wastani wako wa ushindi. Nusu nzima ni wastani wa ushindi wa wapinzani wako. Robo iliyosalia ni wastani wa wapinzani wa wapinzani wako.

Fikiria shule ambayo robo tu ya alama yako inatokana na mtihani uliofanya. Nusu inatokana na ugumu wa darasa uliloingia, na robo ya mwisho inatokana na ugumu wa madarasa waliyopitia wanafunzi wenzako kabla hamjakutana. Aliyepata 60 katika darasa gumu anamzidi aliyepata 80 katika darasa jepesi. Isitoshe, kila kipindi unachohudhuria darasa jepesi kinahesabiwa, hata kama ulijibu maswali yote sawasawa. Wewe umefaulu kipindi hicho, lakini kimeshusha wastani wa ugumu wa masomo yako, na wastani huo una uzito maradufu ya mtihani wako.

Juu ya hapo, tangu 2013 robo ile ya kwanza hupimwa kwa mizani isiyo sawa. Ushindi wa ugenini huhesabiwa 1.3, wa nyumbani 0.7. Kipigo cha nyumbani ni 1.3, cha ugenini 0.7. Uwanja usio wa yeyote ni 1 kamili. Sababu ni hali ya hewa. Msimu huanza katikati ya Februari, wakati viwanja vya kaskazini bado vina theluji, kwa hiyo vyuo vya kusini hukaa nyumbani kupokea wageni kwa wiki nyingi mfululizo na kujikusanyia ushindi.

Peleka mizani hiyo kwenye mfululizo wa Ijumaa hadi Jumapili. Mwenyeji anayeshinda mbili na kupoteza moja anaandikiwa ushindi 1.4 na vipigo 1.3. Mgeni aliyepoteza mfululizo huohuo anaandikiwa 1.3 kwa 1.4. Mmoja ana wastani wa 0.519, mwingine 0.481. Uwanjani mmoja anasherehekea na mwingine anafunga mizigo, na kwenye kitabu cha RPI karibu wametoka sare. Matokeo yakigeuka, mgeni akachukua mbili, pengo linakuwa la kutisha: mgeni 2.6 kwa 0.7, mwenyeji 0.7 kwa 2.6.

Tupige hesabu kamili ya timu ya kubuni. Imecheza mechi 50: ushindi 20 wa nyumbani na 10 wa ugenini, vipigo 8 vya nyumbani na 12 vya ugenini. Rekodi ya kawaida ni 30–20. Kwa mizani ya RPI, ushindi unakuwa 27 na vipigo 18.8, yaani wastani wa 0.590. Tuseme wapinzani wake wana wastani wa 0.540, na wapinzani wa wapinzani 0.520. RPI yake ni 0.5474.

Wikiendi ya kwanza inasafiri kwa timu kali yenye wastani wa 0.700, ambayo wapinzani wake wana 0.560. Inashinda moja, inapoteza mbili. Wastani wake unashuka hadi 0.584, lakini ule wa wapinzani unapanda hadi 0.549. RPI inakuwa 0.5510. Imepanda.

Turudishe kalenda nyuma, tuipe wikiendi nyingine: inakaa nyumbani na kuialika timu yenye wastani wa 0.350, ambayo wapinzani wake wana 0.500. Inashinda zote tatu. Wastani wake unapanda hadi 0.608, wa wapinzani unaanguka hadi 0.529. RPI inakuwa 0.5462. Imeshuka, tena baada ya kazi safi isiyo na doa.

Kwa timu hii hasa, ushindi mmoja wa nyumbani dhidi ya yeyote mwenye wastani chini ya takriban 0.390 ni hasara. Ugenini mpaka huo unateremka hadi karibu 0.260. Na ikijikwaa nyumbani mbele ya huyo wa 0.350, inapoteza alama 0.0060 kwa mechi moja. Katikati ya orodha, ambako timu zimebanana, hiyo ni nafasi kadhaa.

Hesabu hii ina kasoro moja inayopaswa kusemwa: nimewagandisha wapinzani wengine wote. Ukweli ni kwamba nao wanacheza wikiendi hiyohiyo, na mechi zao zinakuhusu. Timu uliyoifunga Februari ikipoteza leo, wewe unalipa leo. Ndiyo sababu namba ya Jumatatu asubuhi mara nyingi hailingani na ile shabiki aliyoipiga Jumapili usiku.

Uwanjani, nafasi ya kushinda moja ugenini huamuliwa kwa kiasi kikubwa na warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira. Mrushaji anayeanza hupumzika takriban wiki nzima, kwa hiyo timu huhitaji watatu, na aliye bora hupewa Ijumaa. Kinachoharibika sana ni zamu ya Jumapili. Kocha akimchosha mrushaji wake bora wa akiba kwa mipira 40 ya Ijumaa, huenda asimpate tena hadi mfululizo uishe, na mrushaji wa tatu akitolewa mapema hakuna wa kuziba. Matokeo ya 1–1 kuelekea Jumapili, kwa hiyo, humbana zaidi mwenyeji: akishinda anapata 0.7, akipoteza anabebeshwa 1.3.

Mfano mzuri wa yote haya ni timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi, maarufu kama Ole Miss, mwaka 2022. Mapema msimu ilishika namba moja katika kura za kitaifa. Kisha ikaporomoka hadi ushindi 7 na vipigo 14 ndani ya SEC, wengi wakaiandikia buriani. Ikaifunga Missouri zote tatu. Ikaenda Baton Rouge kwa Louisiana State ikiwa na 10–14, na ikashinda zote tatu ugenini, dhidi ya timu iliyokuwa juu yake. Kwa mizani ya RPI hizo ni ushindi 3.9, zingechezwa nyumbani zingekuwa 2.1. Baada ya hapo ilipoteza mbili kati ya tatu dhidi ya Texas A&M, ikamaliza 14–16, na ikatolewa katika mechi yake ya kwanza ya mashindano ya konferensi. Ikabaki kusubiri Jumatatu.

Iliingia, na ilitajwa hadharani kuwa ndiyo timu ya mwisho kuchaguliwa. Kutoka hapo ilishinda mechi 10 na kupoteza 1, ikaifunga Oklahoma mara mbili mfululizo katika fainali ya Omaha na kuwa bingwa wa Marekani. Kusema kwamba Baton Rouge peke yake ndiyo iliyoivusha kungekuwa kutia chumvi. Kamati haichapishi kura zake, na pamoja na RPI hutazama rekodi ya ugenini na matokeo dhidi ya timu 25, 50 na 100 bora. Lakini ondoa mechi hizo tatu uone kinachobaki: 11–16 ndani ya konferensi.

Katika SEC, ambako kila timu hucheza mechi 30 za konferensi, watu hupenda kuitaja namba 13, yaani ushindi 13, kama mstari wa uhai. Si kanuni, haijaandikwa popote, ila mwaka 2025 ilishika vizuri: Kentucky iliingia na 13–17, na Texas A&M, iliyoanza msimu ikiwa namba moja, ikaachwa na 11–19. Nje ya SEC namba hiyo haina maana yoyote.

Na kuna mechi za Jumanne. Hizi si za konferensi, na nyingi hupangwa mwaka mmoja kabla dhidi ya chuo cha jirani ili kuokoa nauli. Ifikapo Mei, jirani akiwa na wastani wa 0.350, mwenyeji anajua kwamba akishinda anashuka kidogo na akipoteza anaporomoka. Si siri kwamba baadhi ya mechi hizo hufutwa dakika za mwisho, wingu likionekana kwa mbali. Msimu unaruhusu mechi 56 za kawaida, na RPI haina adhabu kwa timu iliyocheza 54.